Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tafiti zisiishie kwenye "ndiyo" zetu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kyaka II, makazi ya wakimbizi wilayani Kyegegwa, magharibi mwa Uganda. Nakuandikia kuhusu tafiti za elimu ya afya zinazofanyika huku kwetu, hasa namna majibu yanavyokusanywa.

Shirika moja lilikuja kutufundisha kunawa mikono na kutibu maji ya kunywa. Somo lenyewe sina neno nalo. Taabu ilianza siku ya kupima. Aliyepita nyumba kwa nyumba na tableti ni mhudumu wa afya wa kijiji yuleyule aliyetufundisha, na ndiye anayeandika majina ya watakaogawiwa sabuni. Kwa jirani yangu aliuliza, "Mama, mnanawa kwa sabuni mkitoka chooni?" Akajibiwa ndiyo. Akabonyeza, akaendelea na swali la pili. Kidumu cha kunawia kilikuwa hatua chache tu kutoka walipoketi: kikavu, kamba ya kukanyagia imekatika. Hakuna aliyegeuza shingo. Nani angemjibu hapana mtu mwenye orodha ya sabuni mkononi? Kilichopimwa pale ni adabu yetu.

Wadadisi wa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya huomba waonyeshwe mahali pa kunawia, wakaangalia wenyewe kama pana maji na sabuni. Si kazi ya kutwa.

Jambo jingine linanikera zaidi. Hatukuulizwa lolote kabla ya mafunzo, wala hakikuulizwa kijiji ambacho hakikufundishwa. Basi ripoti itasema tumebadilika kutoka wapi? Na siyo kwamba Uganda haijui kupima. Mwaka 2016 shule za msingi 120 za Uganda ya kati ziligawanywa kwa kura: nusu zikawafundisha watoto kuchambua madai kuhusu tiba, nusu zikaendelea na masomo ya kawaida, kisha watoto zaidi ya 10,000 wakafanya mtihani mmoja. Katika waliofundishwa walifaulu asilimia 69. Katika wenzao, 27. Baada ya mwaka mmoja wakapimwa tena. Waliofundishwa wakafika asilimia 80, lakini hata wale wengine walipanda hadi karibu 52. Watoto hukua, husikia mambo kwingine. Somo lilisaidia, ndiyo, ila asingekuwepo wa kulinganishwa naye, lingesifiwa hata kwa yale lisiyoyafanya.

Ninaomba wizara, kabla ya kuipokea ripoti ya namna hii, iulize nani alikusanya majibu. Mwalimu asiwe mpimaji, na orodha ya msaada ikae mbali na dodoso. Wapimaji warudi tena miezi kadhaa baadaye, sabuni ya bure ikishakwisha, maana hapo ndipo tabia hujulikana. Na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, hata yakiwa mabaya. Tumehojiwa mara nyingi mno bila kuambiwa tulionekanaje.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kyaka II