"Mstari mmoja tu, shilingi 60,000?"

Juzi mteja alitupigia kwa hasira. Amelipa 60,000, kafungua seva yake na kukuta tumeongeza AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE, mstari wa mipangilio unaoruhusu programu ya tovuti kufungua milango ya mtandao yenye namba ndogo bila kupewa mamlaka yote ya mashine. "Kaka, si ningeandika sudo tu nikamaliza?" Sudo ni amri inayoendesha programu kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mashine. Mteja huyu si wa kwanza kuuliza, basi tujibu hapa.

Linux ya kawaida huachia root peke yake poti zote (milango ya mtandao) zilizo chini ya 1024, na tovuti inasikiliza 80 na 443. Programu ikianzishwa na mtumiaji wa kawaida inagoma na kutoa EACCES, yaani kosa la kukosa ruhusa. Hapo ndipo watu huandika sudo, tovuti ikawaka, wakaenda kulala. Kumbe programu nzima, na kila maktaba ya msimbo iliyopakuliwa humo, imeshapewa mashine yote.

Mwaka juzi tuliletewa seva ya duka la nguo iliyokuwa ikiendeshwa hivyo. Sehemu ya kupakia picha ilikuwa na tundu. Mtu akapenya, na kwa kuwa programu ilikuwa root, akaweka ufunguo wake kwenye /root/.ssh/authorized_keys, faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia kama root, kisha akapachika programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Tulifuta kila kitu na kujenga upya kwa siku tatu. Bili ile ilizidi sana 60,000. Tundu lingekuwepo hata bila root, ila mwizi angebaki na tovuti tu, funguo za mashine asingezipata.

Wengine hutumia setcap, amri inayobandika ruhusa hiyo ya poti kwenye faili la programu, na kuibandika kwenye Node yenyewe, injini inayoendesha programu za JavaScript. Basi yeyote anayeendesha Node kwenye mashine hiyo anapata ruhusa ileile. Tena Node ikisasishwa, faili jipya huja bila ruhusa, tovuti inazima Jumapili usiku, na simu inaita kwetu.

Mstari huo hauchukui dakika. Kazi ni kuunda mtumiaji asiye na nywila, kisha kumkabidhi mafaili ambayo sudo iliyaacha mikononi mwa root. Mteja wetu alikuwa na folda ya logi na ya picha za bidhaa, zote za root. Tungeweka mtumiaji huyo na mstari ule bila kumkabidhi folda hizo, tovuti ingewaka na kila picha mpya ingekataliwa. Mwisho tunawasha upya mashine nawe ukiangalia, tuone tovuti inarudi yenyewe.

Anayependa Nginx, seva inayopokea wageni na kuwapitisha kwa programu, ikae mbele tunamwekea, programu yake ibaki poti 3000. Bei ni ileile, 60,000.