Mwanangu anaswali baba yake akiwepo tu

Shangazi, shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wasomaji wote.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikamsikia binti yangu wa miaka 4 anafoka sebuleni. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa amepanga midoli yake mitatu safu moja juu ya kanga yangu, ameiinamisha vichwa chini kama inayosujudu, na yeye yuko nyuma yake ameshika rula ya kaka yake. Akaupiga mmoja mgongoni. "Rudia! Hujatulia! Rudia toka mwanzo!" Maneno yale ni ya baba yake, hata ile pumzi anayovuta kabla ya kusema "rudia" alikuwa ameiiga. Nilisimama pale mlangoni miguu haina nguvu.

Tunaishi Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mume wangu ni dereva wa malori, safari zake ni za Tunduma na kuvuka kwenda Zambia, kwa hiyo kwa mwezi tunakuwa naye siku saba, nane. Ni mtu wa dini, swala haimpiti hata akiwa njiani, na wanawe anawapenda. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema mengine. Tuna huyo binti na kaka yake mwenye miaka 8 na miezi 9.

Huyu mkubwa si mtoto mzito. Madrasa anakwenda kila siku baada ya Alasiri, sura anazo kuanzia An-Nas mpaka Adh-Dhuha, na kunuti, ile dua ya Alfajiri, aliishika kwa kusikiliza tu. Alipokuwa mdogo kama dada yake alivyo sasa, alikuwa anakuja mwenyewe kusimama ubavuni kwangu, nikisujudu anasujudu, akichoka ananipanda mgongoni. Sikumfukuza. Mtume (s.a.w.) alipandwa na mjukuu wake akiwa amesujudu, akairefusha sijda mpaka mtoto ateremke kwa raha yake. Na mjukuu mwingine, Umama binti wa Zaynab, alikuwa akiswali naye kambeba, akisujudu anamweka chini, akisimama anamnyanyua. Nilipofundishwa hayo moyo wangu ulitulia, nikaona nyumba yenye watoto ndivyo inavyoswali.

Mambo yaligeuka alipotimiza miaka 7. Baba yake alimkalisha, akamwambia kuanzia leo ni amri. Hilo silipingi, hadithi ipo katika kitabu cha Abu Daud: waamrisheni watoto kuswali wakiwa na miaka 7, na wapigwe kwa kuiacha wakiwa na miaka 10. Tatizo ni namna. Akirudi safari anataka aone kwa siku moja matunda ya wiki tatu. Anakaa nyuma ya mtoto na kumkagua. Vidole vya miguu havikuelekea kibla, rukuu ina haraka, sijda anadonoa kama kuku. Anamrudisha toka takbira. Kuna Isha moja aliirudia mara nne, analia, kamasi zinadondoka mswalani. Tangu mwaka jana imeingia na fimbo ya mpera, inakaa juu ya kabati.

Nilimkumbusha mume wangu kwamba hadithi imetaja miaka 10. Kabla hajajibu, mama mkwe, tunayeishi naye, akadakia kwamba kwa mwaka wa Kiislamu mtoto ni mkubwa kuliko tunavyohesabu sisi. Usiku nikapiga hesabu. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354, basi mwanangu ametimiza 9 juzijuzi tu. Halafu nikaendelea: kutoka 7 mpaka 10 ni miaka mitatu, kila siku swala tano, hiyo ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa mdomo kabla fimbo haijatajwa. Na hata hapo kwenye 10, masheikh wanafundisha isiwe ya kuumiza, isiache alama, isiguse uso. Yote hayo ninayo kichwani, sikuthubutu kuyasema. "Sisi tulifunzwa kwa bakora na tunaswali mpaka leo," alisema mama mkwe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa matokeo yake ni haya. Baba akiwepo, mtoto yuko mswalani adhana haijaisha. Lori likiondoka, siku ya pili tu ameshalegea. "Umeswali?" "Nimeswali." Mwezi uliopita nilimfuata uani kimyakimya. Alichota maji kwa kopo, akalowesha nywele za mbele na vidole vya miguu, yaliyobaki akayamwaga kwa kishindo ili nisikie, akaingia ndani, akatia nia na kuswali rakaa zote 4 za Adhuhuri bila udhu. Shangazi, hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko swala alizoziacha. Aliyeacha swala nitamwita, nitambembeleza. Huyu ameshajua kwamba wa kuridhishwa ni mama na baba, na sisi tunaridhika tukisikia maji. Sikumwambia kwamba nilimwona. Mpaka leo sijamwambia.

Na mimi nina kosa langu. Nilitaka njia laini, nikaanza kumpa shilingi 200 kwa kila swala. Wiki ya kwanza ilikuwa furaha. Ya pili akanijia: "Mama, jana tano, leo tatu, nakudai 1,600." Nikaacha kutoa, naye akaacha kuswali.

Alfajiri ndiyo ngumu kupita zote. Adhana ni saa 11 na robo hivi, gari la shule linapita saa 12 kasorobo, na katikati hapo aoge, avae, anywe chai, aswali. Anasinzia kwenye tahiyatu. Siku nyingine namhurumia, namwacha alale, kisha naswali peke yangu moyo ukinisuta, maana aya ya 132 ya Surat Taha inatutaka tuwaamrishe watu wetu swala na sisi wenyewe tuivumilie. Nikimaliza naomba dua ya Nabii Ibrahim, ile aliyomwomba Mola amjaalie awe mwenye kusimamisha swala, yeye na kizazi chake.

Mimi nilikulia Pangani. Marehemu baba yangu alikuwa akitandika miswala miwili, wa kwake na mwingine nyuma yake kidogo, wala hamwiti mtu. Ukija umekuja. Akitoa salamu anageuka, akinikuta ananipa mkono, "Taqabbala Llah," yaani Mungu aikubali, kama anavyowapa wazee wenzake msikitini. Nilikuwa na miaka 6 na nilikuwa nausubiri mkono ule. Makosa yangu aliyarekebisha mchana, tumekaa barazani, moja kwa siku, halizidi. Nimemsimulia mume wangu habari hizi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako alikuwa nyumbani kila siku. Mimi nina siku saba." Sikuwa na la kujibu. Nilimtazama nikaona ule ukali wake una hofu ndani, kwamba ataulizwa juu ya wanawe na ataambiwa hakuwepo.

Ndiyo maana sitaki jibu la "mwambie aache". Nataka kujua nimwambie nini mtu mwenye hofu kama hiyo, kwa heshima, na mama yake akiwa chumba cha pili. Je, nimweleze habari ya udhu ule wa uongo ili aone fimbo imezaa nini, au nitakuwa nimempeleka mwanangu kwenye kipigo? Na huyu mtoto nimrudishe vipi kwenye swala ya kweli: nimwambie kwamba nilimwona, au nianze upya kutandika miswala miwili kama sijui kitu? Waliolea watoto wa shule za mapema, Alfajiri mnaifanyaje?

Mume wangu anarudi Alhamisi ijayo. Ile fimbo ya mpera bado iko juu ya kabati, na binti yangu ameshaniomba mara mbili nimshushie.

Wako,
Mama wa wawili, Ngamiani, Tanga