Tafuta kliniki kabla hujaumwa

Mwanangu,

Jana uliniambia umeshahamia salama, kadi ya bima ya serikali umeipata na imekaa kwenye pochi. Nikafurahi. Ila uliposema "nikiumwa nitajua pa kwenda," nikaona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unaniitikia tu ili nimalize.

Mtu mwenye homa hachagui. Huingia mlango wa kwanza anaouona. Mimi niliingia hivyo nikiwa nimekupakata, huna hata miaka miwili, mwili unachemka. Mlangoni palikuwa na tangazo kubwa kwamba bima inapokelewa. Nikakaa kwenye foleni asubuhi nzima. Nilipofika dirishani, binti wa mapokezi akaniambia kweli bima wanaipokea, lakini kwa wanaolazwa. Anayemwona daktari na kurudi nyumbani hulipa taslimu. Tangazo halikudanganya. Mimi ndiye sikuuliza.

Kwa hiyo usiulize "mnapokea bima?" Watakuitikia tu, kama wewe unavyoniitikia mimi. Taja jina la mpango wako kama lilivyoandikwa kwenye kadi, kwa sababu mfuko mmoja unaweza kuwa na mipango kadhaa, na kituo kikawa na mkataba wa mmoja tu. Uliza kama mkataba huo ungali hai leo, si mwaka jana. Uliza kama mgonjwa wa nje anatibiwa kwa kadi, na kama vipimo na dawa vimo humo. Pengine kumwona daktari hulipiwa na mfuko wa bima, halafu dawa zikatoka mfuko wa suruali yako. Uliza pia kama wanaandikisha wagonjwa wapya, maana kliniki nzuri hujaa.

Majina ya vituo utayapata kwenye orodha ya mfuko wenyewe. Usiiamini sana, vituo hujitoa na orodha husahihishwa baadaye. Piga simu, kisha nenda kwa miguu yako, na uende jioni ukitoka kazini, uone kama muda huo pana daktari au pana mlinzi na kufuli.

Soma pia masharti ya rufaa. Kuna mipango inayokutaka ujiandikishe kituo kimoja cha kuanzia, na ukiruka moja kwa moja hadi hospitali kubwa bila barua, gharama zinakuwa zako. Dharura ni habari nyingine kabisa: hapo kimbilia hospitali iliyo karibu, karatasi zitafuata.

Ukipata pazuri, usihamehame. Mwaka 2021 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya rekodi za mamilioni ya watu: waliodumu na daktari mmoja wa familia zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa kama asilimia 25 kuliko waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuapa kwamba daktari ndiye sababu. Mimi naamini hata hivyo. Daktari aliyekuzoea atajua kwamba wewe husema "si kitu" hata ukiwa hoi, na hatahitaji kukuuliza mara tatu kama nifanyavyo mimi.

Siku ya kujiandikisha, waambie kuhusu penisilini. Ulipopewa ukiwa mdogo ulitokwa na vipele mwili mzima na midomo ikavimba. Hakikisha unaona kwa macho yako wanaliandika kwenye faili. Hilo usiniachie mimi kulikumbuka, kwa kuwa siku utakayozidiwa sitakuwa pale dirishani.

Alhamisi una mapumziko. Nenda, kisha nipigie unitajie jina la kliniki na namba yao ya simu. Nimeshaacha nafasi kwenye daftari langu, chini ya jina lako.

Mama yako