Kabla hujatia kisu

Swahiba,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku kwetu sote wazima. Nimefurahi kusikia kibali chako cha kuwinda kimetoka. Bunduki unaijua, na nyayo unazisoma kunishinda. Lakini kazi yangu ni kukagua nyama, na tangu kanuni za hapa Tanzania za mwaka 2020 ziruhusu bucha za nyamapori, nyama ya porini nayo inapita mikononi mwangu. Kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mnyama rahisi kumpata ndiye wa kumtilia shaka. Mzima hakungoji. Ukimkuta swala au nyumbu kajitenga na kundi, kichwa chini, manyoya yamesimama, udenda unamtoka au anayumba, usiseme leo Mungu kanijalia. Mtazame kwanza kwa darubini, umwone anavyotembea. Na akikusogelea bila woga, ondoka wewe: kule Namibia tandala wamekuwa wakiugua kichaa cha mbwa tangu miaka ya 1970, na dalili yake mojawapo ni huko kuzoea watu ghafla.

Uliyemkuta amekufa usimguse, hata kama mwili bado una joto. Ninachokiogopa zaidi ni ile tabia yetu ya kumuwahi: mnyama yu hoi, mtu anamkimbilia na kisu ili asife kibudu. Kisu kinaondoa kibudu, hakiondoi kimeta, ule ugonjwa wa wanyama unaoua na watu. Mzoga wa kimeta huvimba upesi, haukakamai kama ilivyo kawaida, na damu nyeusi isiyoganda huchuruzika puani, mdomoni na njia ya haja kubwa. Ukiona hivyo usipasue. Vijidudu vyake vikipata hewa hujivika ganda gumu, vikakaa udongoni miaka na miaka. Kuanika nyama hakuviui, kubanika hakuviui, na sufuria ya nyumbani usiitegemee. Mwaka 2011 huko Chama, nchini Zambia, viboko walikufa kwa kimeta na watu wakala nyama yao. Walioshukiwa kuugua walipita 500, na wengine walifariki. Siwalaumu, maana kiboko mmoja analisha kijiji. Ila ndiyo sababu nakuandikia mapema, kabla nyama haijawa mbele yako.

Kwa mchunaji, kimeta huanzia mkononi: kipele kinachowasha, kisha lengelenge, kisha kidonda chenye gaga jeusi, pembeni pamevimba lakini hapaumi. Kwa kuwa hapaumi, watu hupuuza. Aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba alichuna mnyama wa porini. Dawa zipo na zikiwahi zinaponya.

Sasa tuseme mnyama alikuwa anakimbia vizuri, umempiga, umempasua. Anza na bandama. Ikiwa imevimba, nyeusi na laini kama uji mzito, acha kila kitu hapo hapo, nawa, mwite afisa mifugo. Kisha mapafu: usiyatazame tu, yapapase kwa vidole. Vinundu vigumu ambavyo ukivikata vinatoa usaha mkavu wa manjano, hasa kwa nyati, ni dalili ya kifua kikuu. Chungulia na ndani ya mbavu, halafu kata tezi za shingoni. Unono usikudanganye. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ugonjwa huo uligunduliwa kwa nyati mwaka 1990, na wengi wenye nao huonekana wazima kabisa kwa nje.

Si kila kinachochukiza ni hatari. Ukipasua kichwa cha nyumbu au kongoni utakuta funza puani. Wanatisha, lakini nyama haina neno. Ini lenye minyoo bapa unalitupa, nyama iliyobaki unakula. Ila vifuko vyenye maji kwenye ini au mapafu usiwarushie mbwa kabisa: minyoo iliyomo hukulia tumboni mwao, mayai yakatoka na kinyesi, na watoto wanaocheza nao ndio huyameza.

Ngiri ni habari nyingine. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, anaibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Binadamu haimdhuru, lakini mabaki yake yakifika kwenye banda la jirani yako anayefuga nguruwe, utakuwa umemfilisi. Na nyama ya ngiri ipikwe mpaka iive kabisa ndani, kwa sababu ina minyoo ambayo jicho haliioni, hata langu.

Ombi langu moja: usiache matumbo porini ukaniletea mapaja matupu. Paja halisemi kitu. Nataka kichwa, mapafu, moyo, ini, figo na bandama za mnyama yule yule, kwenye mfuko wake. Na kabla hamjaondoka pitia hapa kwangu uchukue glavu, zako na za vijana wako.

Wako,
rafiki yako wa siku zote