Kanga Iliyochekwa: Barua kwa Wakaza Wanangu na Mabinti wa Nyumba Hii

Assalaam alaykum wanangu,

Ningeweza kumwita mmoja wenu chumbani tukayamaliza. Lakini lililotokea limetokea hadharani, na mimi naandika hadharani.

Idd iliyopita mmoja wenu alipewa doti ya kanga na mtu mzima wa ukoo huu. Jua halijatua, picha ya kanga ile iko kwenye stetasi, na nyuso za kucheka mpaka machozi. "Rangi ya ugoro," mkaandika. "Kanga ya msibani." Aliyeitoa naye ana simu, na wajukuu zake ndio waliomsomea. Hajaniambia neno. Ila tangu siku ile akija kwangu anabisha hodi mlango wa mbele kama mgeni, yeye ambaye miaka yote hupitia uani.

Simtaji mwenye kosa. Anajijua, na mliochangia kicheko mnajijua.

Nianze na langu. Niliolewa 1968, hapa hapa Ngamiani. Idd yangu ya kwanza ukweni, wifi yangu mkubwa aliniletea doti nyekundu yenye pindo jeusi, kaikunja vizuri ndani ya gazeti. Nikaifungua chumbani, nikasoma jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa: Mdhaniaye ndiye siye. Bibi harusi wa miezi minne, unaambiwa siye! Na mwanamke gani wa pwani asiyejua kuwa kanga inasema? Nililia, nikaizamisha chini ya sanduku, na tangu hapo wifi nikawa namwamkia kwa ncha ya ulimi. Mama mkwe alihisi, akanyamaza.

Likaja darasa la elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 wote ulitangazwa kuwa wa elimu hiyo, na kina mama wa mtaani wakawa wanatoka jioni na madaftari kwapani. Wifi alikuwa mmoja wao. Msahafu alikuwa akiusoma tangu utotoni. Herufi za kizungu ndizo hakuwa akizijua. Baada ya miezi mingi akaja kwangu, akaomba aione ile kanga. Nikaitoa sandukuni, haijapindwa hata upande mmoja. Akaweka kidole chini ya maandishi, akasoma silabi moja moja. Alipofika mwisho akakaa chini sakafuni.

"Wifi," akasema, "mie nilipenda rangi."

Miaka miwili nilikuwa na ugomvi na maneno ambayo mwenyewe hakuyasoma. Siku ile tuliikata doti, kipande akajifunga yeye, kipande nikajifunga mimi, tukatoka sokoni watu wasome wapendavyo.

Kwa hiyo mtu akinyoosha mkono, pokeeni mkono kwanza. Kitu kina siku zake. Kwetu zawadi ilikuwa haifunguliwi mbele ya aliyeileta, na nyinyi mnaona ule ni ushamba, mnapeana na kuambiana "fungua tuone". Mtajionea wenyewe. Desturi ile ilimpa mtu nafasi ya kukunja uso akiwa peke yake.

Na msiseme uongo. "Yaani ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta!" Haya, mwakani utaletewa nyingine mfano wake. Sema la kweli, nalo lipo siku zote: umenikumbuka, Mungu akukumbuke. Umesumbuka na jua lote hili kwa ajili yangu. Hakuna uongo hapo, wala hujasifu usichokipenda.

Mtaniuliza, je, kurudisha haifai kabisa? Mimi si ustadhi, lakini chuo cha Kurani tulisomeshwa kisa cha Abu Jahm, aliyempa Mtume (S.A.W.) nguo yenye nakshi. Akaswali nayo, nakshi zikamshughulisha, akaamuru irudishwe. Ila hakuishia hapo: akaomba aletewe ile nguo nyingine ya Abu Jahm, isiyo na nakshi, na wanazuoni wanasema ni ili moyo wake usivunjike. Na Sa'b bin Jaththama alipomletea nyama ya punda mwitu, naye Mtume yumo katika ihramu, ile hali ya ibada ya hija au umra ambamo kuwinda kumekatazwa, alimrudishia. Alipomwona uso umembadilika, hapo hapo akamweleza: hatukukurudishia ila kwa sababu tumo katika ihramu. Hakumwacha aende zake akijiuliza njia nzima nimekosa nini.

Basi dera likikubana, na aliyekupa ni shangazi mnayetaniana naye, mwambie: "Shangazi, limenibana, nielekeze duka nikabadilishe." Atacheka, atakuuliza unakula nini. Kwa mkwe usithubutu. Dera la mkwe linafumuliwa, linaongezwa kitambaa ubavuni, linavaliwa japo mara moja akiona.

Hotipoti na seti za vikombe najua mnazizungusha, na mimi nimezizungusha sana. Hakuna ubaya, mradi ndani ya boksi uandike kikaratasi: imetoka kwa nani. Kuna hotipoti moja ya maua ilitoka mkononi mwangu, ikapita nyumba ambazo sizijui idadi, ikarudi kwangu Idd ya pili kutoka kwa jirani, na mkwaruzo wake ule ule kwenye mfuniko. Nikaipokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje?

Nyama ya Idd kubwa siizungumzii. Nyama haikataliwi, friji ikijaa, mlinzi ana watoto. Na wale wadogo wenu wanaosema "hii tunayo" mbele za watu, wafundisheni kabla ya kutoka nyumbani, msiwakate jicho wakishasema.

Hamkuuona mwaka 1983. Sabuni ya mche ilikuwa ikikatwa vipande, tukapeana siku ya Idd kama watu wanaopeana halua, na mtu akikinusa kipande chake kwanza kabla ya kukitia kwapani. Siwaambii ili mjione wakosaji kwa kuzaliwa katika wingi. Nawaambia mjue aliyekupa kanga ya rangi ya ugoro ni mtu wa zama zile. Kwake doti nzima, pamba, haichuji, ni kitu.

Sasa wewe, mwenye kanga. Usimpigie simu ya kuomba radhi, wala usifute picha ukadhani yameisha. Ilete kanga kwangu, cherehani ipo na uzi wa rangi ile nimeshanunua. Tutaipinda. Ijumaa baada ya alasiri jifunge, beba sahani ya visheti, nenda nayo kwake. Usibishe hodi mbele. Pitia uani.

Mama yenu,
Ngamiani, Tanga