Podo la babu bado lina sumu

Mhariri,

Familia nyingi za Ukambani na Tsavo zingali na pinde na podo (mifuko ya mishale) za zamani darini, na inauma kuona zikipakwa vanishi ziuzwe kama mapambo.

Kabla hujagusa mshale, tazama shingo ya chuma nyuma ya chembe, yaani kichwa cha mshale. Ukiona ngozi nyembamba imezungushwa hapo, au utando mweusi mithili ya lami, ichukulie kuwa ni sumu ya mti wa msunguti. Ngozi ile iliizuia isikauke, na sumu yenyewe hudumu miongo kadhaa. Vaa glavu. Usiikwangue wala kuiosha. Funika chembe, andika SUMU, weka mbali na watoto.

Upinde wa kuwindia tembo wa Waata, wawindaji wa jadi wa Tsavo, ni mnene, na kuuvuta kulitaka nguvu ya zaidi ya pauni 100. Tafadhali usijaribu: mti mkavu hukatika ghafla. Upote (kamba ya upinde) ukiwa bado umekazwa, ulegeze taratibu. Ukiwa umekakamaa, uache. Ulaze upinde ukiegemezwa sehemu tatu, kwani ukisimamishwa ukutani hupinda.

Unga mpya chini ya vitundu ni dalili ya bungua, mdudu atoboaye mbao. Funga upinde ndani ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri wiki nzima. Ukiutoa, usifungue plastiki mpaka kesho yake, la sivyo unyevu utatua juu ya mti.

Mafuta ya kupikia, kamwe! Hunata, yakakusanya vumbi.

Wahifadhi wa zana za jadi,
Voi