Kwa mpwa wangu aliyepata Muhimbili na SUZA kwa pamoja

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Pongezi nilishakupa kwenye simu, sasa tuzungumze kazi. Umechaguliwa udaktari Muhimbili, umechaguliwa udaktari SUZA, chuo kikuu cha taifa cha hapa Zanzibar, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inakutaka uthibitishe chuo kimoja tu kwa ile namba ya siri wanayoituma kwenye simu. Mama yako ananambia kila anayeingia ukumbini hapo Chake Chake anatoa fatwa yake na kuondoka. Nakuandikia hadharani, bila ya jina lako, kwa sababu hupo peke yako: kila yakitoka matokeo ya kidato cha sita, watoto wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wa Pemba hunipigia kuniuliza hilo hilo, na nimechoka kulijibu vipande vipande.

Ami yako anasema Muhimbili ni Muhimbili. Hajakosea. Chuo kile kilianza 1963 kama skuli ya udaktari ya Dar es Salaam, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na 2007 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hospitali ya taifa ipo papo hapo mlangoni, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, na ya mifupa, MOI. Ocean Road ya saratani nayo haiko mbali. Wagonjwa wa seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wanaofuatiliwa na watafiti wa Muhimbili ni miongoni mwa makundi makubwa zaidi duniani, na sisi visiwani ugonjwa huo tunao majumbani. Mimi mwenyewe nimesoma pale na sijutii hata siku moja. Pale ndipo nilipomgeuza mtoto alalie ubavu wa kushoto, nikaweka stetoskopu chini ya titi, nikaambiwa nyamaza, usipumue, sikiliza baina ya mdundo na mdundo. Nikausikia ule mngurumo mzito, wa sauti ya chini, wa vali ya moyo iliyobanwa na makovu ya homa ya rumatiki. Kitabuni niliusoma mara nyingi nisiuelewe. Siku ile ukaniingia, na mpaka leo haujanitoka.

Lakini mtoto yule, mwanangu, alikuja na faili nene. Keshapita kituo cha afya, keshapita hospitali ya wilaya, keshapita ya mkoa. Yuko aliyemtilia shaka kabla yetu, yuko aliyempiga picha ya kifua, yuko aliyeandika juu ya karatasi kwamba huyu ni wa moyo. Sisi tulikwenda kusikiliza tulichokwisha kuambiwa kipo. Hilo nalo ni somo, tena somo zuri, ila si kazi unayoniambia unaitaka.

Kwa sababu wewe, tangu uko skuli ya Fidel Castro, wimbo wako ni mmoja: unataka kurudi Pemba. Basi hebu jione uko Abdulla Mzee pale Mkoani, saa tatu usiku. Kaletwa mama mwenye mimba ya miezi minane. Kichwa kinamuuma, na panamuuma hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu. Mkwewe anasema ni vidonda vya tumbo, amekuwa navyo tangu usichana wake, mpeni dawa ya kupunguza asidi turudi nyumbani. Hakuna faili. Hakuna profesa. Kuna wewe na nesi mmoja aliyekwisha choka. Ukimfunga kipimo cha presha, ukapima protini kwenye mkojo na ukamuuliza kama macho yanamfanyia kiwi, utajua kwamba hiki ni kifafa cha mimba kinabisha hodi, utampa magnesiamu kabla hajaanguka na utaanza kufikiria mtoto atoke vipi. Ukimwamini mkwewe, mimi sitaki kukumalizia. Na bahari usiku haivukwi kwa urahisi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ami yako. Daktari wa kisiwani anaishi mwanzoni mwa ugonjwa, kabla haujapata jina. Anatakiwa ajue nani wa kumpa dawa arudi kwake, nani wa kumlaza, na nani wa kumvusha bahari mapema kabla hali haijachafuka. Na hilo hujifunzi vizuri mahali ambapo wagonjwa wengi wanafika wameshachujwa.

Mnazi Mmoja, wanakojifunzia wanafunzi wa SUZA, ni hospitali ya rufaa, ndiyo. Lakini ni hospitali ambayo mtu wa Michenzani anaiendea kwa miguu na mtoto begani. Pale unamkuta mgonjwa aliyeletwa na gari kutoka Mkokotoni na mgonjwa aliyetoka nyumba ya tatu. Kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na nje yake kuna mama aliyekuja kwa kikohozi. Halafu maradhi yenyewe ni ya kwetu. Maambukizi ya malaria Zanzibar yameshuka chini ya asilimia 1 ya watu, kwa hivyo mtoto mwenye homa huwezi kumwandikia dawa ya malaria ukaenda kunywa chai. Lazima ukae ufikirie. Pemba kijana akikojoa damu, wa kwanza kumshuku ni kichocho, na hapo hapo Chake Chake unayo maabara ya Ivo de Carneri ambayo tangu 2000 inachunguza vichocho na minyoo kiasi kwamba wageni wanatoka nje ya nchi kuja kusoma kwetu. Wewe umezaliwa karibu nayo, na sina hakika kama umewahi kuingia. Nenda.

Dada yangu, mama yako, yeye anataka ubaki Unguja kwa sababu nyengine kabisa: mtoto wa kike, Dar, mji mkubwa. Hoja hiyo siibebi. Nimesoma na wasichana kutoka Wete na Micheweni waliopanga chumba Upanga, wakapika, wakasoma, wakamaliza, na leo ni mabingwa. Nikiwa naungana na mama yako kwenye jibu, basi jueni kwamba tumefika kwa njia mbili tofauti.

Sasa jina. Utaambiwa SUZA ni chuo kichanga, na ni kweli: sheria yake ni ya 1999, masomo yakaanza 2001, na udaktari umekuja baadaye. Msingi wa kufundisha madaktari hapa Unguja uliwekwa na walimu wa Kicuba, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas, na Wacuba nawajua namna wanavyofundisha: wanakupeleka kwa mgonjwa kabla hujamaliza kuogopa. Shahada ni miaka 5 huku na miaka 5 kule, TCU ni hiyo hiyo moja, na baada yake kuna mwaka wa intanishipu, wa kufanya kazi hospitali chini ya usimamizi, kokote utakakosomea. Mgonjwa wa Mkoani hatakuuliza cheti chako kimechapwa wapi. Wanaouliza ni watu wa harusini.

Kitu ambacho mimi ningekitazama kuliko jina ni kitanda. Katika hospitali yoyote kubwa ya kufundishia, raundi ya asubuhi inakuwa na bingwa, nyuma yake wanaosomea ubingwa, nyuma yao ma-intani, nyuma yao mwaka wa tano, halafu wewe, umesimama kwa ncha za vidole, unaona mgongo wa koti jeupe. Miaka miwili ya mwanzo, ya anatomia, fiziolojia na biokemia, hainipi tabu sana; maiti ya kusomea ni maiti, na protini ni protini, popote. Tabu ni kuanzia mwaka wa tatu. Watafute wanafunzi wa mwaka wa nne wa vyuo vyote viwili, usiwaulize kama chuo ni kizuri, maana watakisifia. Waulize wamezalisha kina mama wangapi kwa mikono yao wenyewe. Waulize nani aliwafundisha kutia mrija wa maji kwa mtoto mchanga ambaye mishipa haionekani. Waombe wakuoneshe kile kitabu anachotia saini mwalimu kila unapofanya jambo kwa mkono wako, uone kurasa zimejaa au nyeupe. Kitabu hicho kitakwambia mengi kuliko mimi na ami yako tukichanganywa.

Na Muhimbili hukuikosa. Ubingwa kwa fani nyingi ni miaka 3, na huo ndio wakati wake hasa. Ukenda pale ukiwa umeshafanya kazi, umeshapeleka wagonjwa kwa rufaa na ukakaa kusubiri habari zao, kila utakachokiona utajua kimetoka wapi. Wenzangu waliokwenda hivyo niliwaona darasani wakiuliza masuala ambayo sisi hatukuwa hata na akili ya kuyauliza.

Pesa nitaipitia mbio. Omba mkopo mapema, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar haimsubiri mtu, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe sasa hivi, si wiki ya mwisho. Ukibaki Unguja utalala kwangu, chakula kipo. Ukenda Dar, kodi na nauli ni habari nyengine, lakini tutachangishana, usiifanye pesa ndiyo iliyokuamulia.

Ninachokuomba ni ukweli wako. Kama lile la kurudi Pemba ulikuwa unalisema kumfurahisha babu yako, na ndani ya roho yako unataka kufungua vifua vya watu au kukaa maabara ukitafuta dawa ya seli mundu, basi nambie, nifute nusu ya barua hii. Thibitisha Muhimbili, na mimi ndiye nitakayekuja kukupokea bandarini Malindi nikupandishe boti ya Dar. Kama bado unataka Mkoani, thibitisha SUZA, na ami yako niachie mimi.

Nipigie Alhamisi baada ya Isha, nitakuwa nimetoka zamu. Na mwambie bibi yako dawa za presha hazisimamishwi kwa kuwa kichwa kimeacha kuuma. Nimesikia anazigawa kwa jirani.

Mjomba wako,
Unguja